Jinzi ya Nguzo

Suruali ilimvuka Nguzo asubuhi kweupe, ukumbini, mbele ya mama mkwe wake.

Alikuwa anatoka chumbani, kikombe cha chai mkono huu na simu mkono huu, akasahau kwamba mkono wa tatu, ule wa kushikilia kiuno, hakuzaliwa nao. Jinzi ikateremka taratibu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ndani alikuwa na bukta, Mungu si Athumani. Mama mkwe, aliyekuwa anatoka bafuni na beseni la nguo, akageukia ukuta papo hapo.

"Umeamkaje, baba?" akauuliza ukuta.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maliza tu, nitapita ukimaliza."

Nguzo akaweka kikombe chini, akapandisha suruali, akarudi chumbani bila chai. Kwa saa nzima hakutoka.

Jina hilo la Nguzo alipewa kazini. Alikuwa fundi wa laini za umeme, mmoja wa wale wanaopanda juu waya zikikatika, na mwili wake ulifanana na kazi yake: mrefu, mnene, kitu ambacho ungeweza kukifungia kamba ukaenda zako. Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Alilituliza kwa maziwa na maneno, mpaka siku moja kidonda kikapasuka akiwa kazini, wenzake wakamkimbiza hospitali kwa gari lenye ngazi. Madaktari wakampasua, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, wakashona kilichobaki. Aliporudi nyumbani alikuwa amepungua hata mbwa wa jirani alimbwekea. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao, na mama mkwe akaja kusaidia, maana mke wa Nguzo ni muuguzi, na zamu hazimsubiri mtu.

Sasa nguvu zilikuwa zimerudi kiasi, na Jumatatu alitakiwa kazini. Kampuni ilitoa shati, kofia na buti. Suruali ilikuwa juu yako mwenyewe. Nguzo alikuwa nayo moja tu ya kupandia, jinzi nene ya buluu iliyopauka magotini, iliyokwisha kujua anavyokunja mguu. Nyingine zote alizidharau.

"Nunua mpya," mkewe alimwambia usiku wa siku ile ya aibu.

"Ya nini? Mwili unarudi huu. Nikishanenepa hiyo mpya nimpe nani?"

Mkewe akanyamaza. Alinyamaza kwa namna ambayo Nguzo angeitilia shaka, kama si kwamba wakati huo alikuwa ameinama uvunguni anatafuta msumari wa kutoboa tundu jipya kwenye mkanda. Tundu alilitoboa, mkanda akaufunga, na jinzi ikajikusanya kiunoni kama mdomo wa gunia. Alipogeuka, makalio ya suruali yalibaki yameangalia kule alikotoka.

Asubuhi alimpigia simu mwenzake wa kazini, ambaye wote walimwita Koleo.

"Ichemshe," Koleo alisema. "Jinzi ikichemshwa inanywea."

"Una hakika?"

"Mimi yangu ilinywea mpaka nikampa mdogo wangu."

Nguzo akasubiri mama mkwe aende sokoni. Akateka maji kwenye sufuria kubwa, akaitumbukiza jinzi, akawa anaigeuza kwa mwiko. Maji yakawa ya buluu nyeusi kama wino. Ilipochemka vya kutosha akaona sufuria haibebeki na kovu lake bado changa, basi akaikokota mpaka mlangoni na kuiinamisha yote, maji na jinzi, ndani ya beseni lililokuwa hapo uani. Mvuke ulimjaa usoni. Aliona povu, hakuona kilichokuwa chini ya povu.

Chini ya povu kulikuwa na sare nyeupe ya mkewe, imelowekwa tangu alfajiri.

Alipoigundua alijaribu kila kitu ambacho mwanamume peke yake nyumbani hujaribu: aliisuuza, akaisugua, akaisuuza tena, akaomba. Ikatoka na rangi ya anga la asubuhi. Akaianika kando ya jinzi, kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka. Jua likavikausha vyote viwili. Jinzi ilikakamaa kama bati, na alipoijaribu aliona kwamba kweli imenywea, lakini upande ule usiohitajika: miguu ilikuwa imepanda juu ya vifundo, na kiuno kilikuwa pale pale.

Mkewe alirudi mchana, amechoka. Alisimama uani akiitazama kamba ya nguo.

"Nani amefanya hivi?"

"Jinzi," Nguzo akasema.

"Jinzi ilitembea kwa miguu yake ikaingia kwenye beseni langu?"

"Nilikuwa najaribu kupunguza kiuno."

"Kiuno, kiuno! Nyumba nzima sasa inaishi ndani ya kiuno chako. Si nilikwambia ununue nyingine?"

"Na mimi nikakwambia nitanenepa."

"Hutanenepa!"

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Jikoni, mama mkwe aliyekwisha kurudi kutoka sokoni akaongeza kelele za sufuria ili ionekane hasikii, na ndivyo walivyojua kwamba amesikia yote.

"Hutanenepa kama zamani," mkewe akasema tena, sasa polepole. "Kilichobaki tumboni mwako kinatosha ngumi. Utakula kidogo kidogo maisha yako yote. Nguvu utapata, nguzo zako utapanda, lakini ule mwili umekwenda. Daktari alisema."

"Alikwambia wewe?"

"Alituambia wote wawili. Ulikuwa na usingizi wa dawa, ukaitikia 'ndiyo, daktari.' Nikadhani umesikia. Baadaye nikajua hukusikia, nikawa nangoja siku nzuri ya kukwambia."

"Na leo ndiyo siku nzuri?"

"Leo ni siku ya sare," mkewe akasema, akaingia ndani.

Nguzo alibaki uani. Hakulia, wala hakukasirika hasa. Alihisi kama mtu aliyesimamishwa kwenye foleni ndefu halafu, alipofika dirishani, akaambiwa foleni yake ni ile nyingine. Miezi yote hiyo alikuwa anajisubiri mwenyewe. Alikula, akapumzika, akajipima kila wiki, kama mtu anayemngoja mgeni kituoni, kumbe mgeni haji.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mkewe alikwenda kazini na sare ya zamani iliyombana mabegani, wakaagana kwa sauti za chini kama watu waliopangishwa nyumba moja. Nguzo akajifunika shuka. Baadaye kidogo mlango ukagongwa.

"Baba, uko macho?"

"Niko, mama."

"Cherehani ya binti yangu iko uvunguni kwako. Itoe. Na hiyo suruali yako ije pia."

Ilikuwa cherehani ndogo ya mkono, ya kuzungusha kwa gurudumu, iliyotumika kwa mapazia na foronya basi. Nguzo akaiweka juu ya meza ya chakula. Mama mkwe akavaa miwani, akaipapasa ile jinzi kuanzia kiunoni hadi miguuni kama anayemkagua mtoto aliyeanguka.

"Mama unajua kushona jinzi?"

"Sijui. Najua mapazia. Lakini mshono ni mshono, na kukaa bure nimechoka."

Shida ya kwanza ilikuwa kipimo. Mama mkwe hawezi kumshika mkwewe kiuno, na mkwe hawezi kujiona mgongo. Wakajadiliana hilo kwa heshima zote, wakakubaliana: Nguzo atasimama chumbani mbele ya kioo cha kabati, mlango umeachwa wazi kidogo, na mama atakaa ukumbini, amegeukia kwingine, anatoa amri.

"Shika nafasi iliyozidi pale nyuma, katikati, uibane na vibanio vya nguo."

"Nimebana."

"Sasa kaa kitandani. Unapumua?"

"Kwa shida."

"Legeza basi. Suruali haipimwi mtu akiwa amesimama anajipenda kwenye kioo. Chuchumaa. Inua goti kama unapanda hiyo nguzo yako."

Akainua goti, kibanio kikaruka na kugonga kabati.

"Kimeruka!"

"Nimesikia. Legeza tena."

Mwishowe vibanio vikatulia. Nguzo akavaa suruali yake ya kulalia, akaileta jinzi mezani, na mama akachora mstari kwa kipande cha sabuni kikavu pale vibanio vilipokuwa. Kisha wakaanza kufumua. Kwa wembe walikata nyuzi za kile kitanzi cha nyuma kinachopitisha mkanda, wakautenga ukanda wa kiuno na suruali kutoka mfuko wa nyuma mmoja hadi mwingine, wakafungua mshono wa katikati ya makalio. Nguzo aliona jinsi ulivyotengenezwa: pindo mbili zimekumbatiana, kila moja imejikunja ndani ya mwenzake, halafu zikapigwa uzi mara mbili.

"Hivi ndivyo tunavyounga waya," akasema.

"Mimi waya sizijui. Ninachojua, aliyeshona hapa hakutaka mtu afungue." Mama akapuliza vipande vya nyuzi. "Sasa niambie. Hiki kitambaa kinachozidi tukikate, au tukikunje tukiache ndani?"

Nguzo akakipapasa kitambaa. "Tukikunje," akasema.

Mama akamtazama juu ya miwani. Akakunja kitambaa kama alivyotakiwa, akakiweka chini ya sindano. Ilikuwa kunjo juu ya kunjo, nene kama kitabu. Akazungusha gurudumu. Cherehani ikaguna, ikapanda, na sindano ikakatika kwa mlio. Kipande kikaruka na kugonga miwani yake.

"Pole, mama!"

"Mimi sijambo. Miwani ndiyo kazi yake. Sindano nyingine iko wapi?"

Ilikuwapo moja, nyembamba ya foronya. Nayo ilikatika.

Basi Nguzo akaenda dukani. Duka la nyuzi na vifungo lilikuwa kona ya pili, na hakuwa amefika huko tangu augue. Muuza duka alimjua vizuri. Nguzo ndiye aliyemrudishia umeme baada ya ule upepo mkubwa wa mwaka uliopita, na tangu hapo hawakupitana bila utani. Akaomba sindano nene za jinzi na uzi wa rangi ya dhahabu iliyokoza. Muuza duka akamletea vidonge viwili vya uzi, akavilinganisha na kipande cha uzi wa zamani alichokuja nacho Nguzo, akachagua kimoja. Alipokuwa anafunga alimkazia macho.

"Samahani. Wewe ni mdogo wake Nguzo?"

Nguzo akaanza kuhesabu pesa upya.

"Mmefanana sana," muuza duka akaendelea. "Sauti ndiyo ile ile. Mwambie kaka yako tunamwombea. Tulisikia alizidiwa."

"Nitamwambia," Nguzo akasema.

Njiani alianza kucheka peke yake, kisha kicheko kikakata, kisha kikarudi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake alimpisha kwa tahadhari. Alipofika nyumbani alimsimulia mama mkwe, na mama, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kucheka mbele ya mkwewe kwa kufungua kinywa, akafungua kinywa.

"Mdogo mtu!" akasema, akijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Na umekubali?"

"Ningekataaje? Ameahidi kuniombea."

Walipotulia, mama akachukua ile jinzi, akaipangusa bila sababu.

"Mimi nilikuwa na gauni," akasema. "La kijani. Nilipomzaa mkeo likakataa kunipanda. Nikaliweka sandukuni, nikasema nikipungua nitalivaa. Nikazaa tena, nikaliweka vizuri zaidi. Siku nilipolitoa, mende walikuwa wameshalivaa wao. Walilivaa mpaka mikono."

"Kwa hiyo unasema tukate."

"Sisemi kitu. Nasimulia gauni langu. Suruali ni yako, na kiuno ni chako."

Nguzo akachukua mkasi. Kitambaa cha jinzi ni kigumu kukata. Mkasi wa jikoni ulikitafuna zaidi ya kukikata, na mkono ulimwuma. Alikata upande mmoja kwa kuufuata mstari wa sabuni, kisha akasita kwenye wa pili.

"Niache upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Na kidole kingine cha ziada."

"Cha nini?"

"Cha kitambi cha uzeeni."

"Kitambi cha kidole kimoja!" mama akasema. "Haya, kiache. Mtu asikose kabisa."

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nguzo aliitia cherehani mafuta, akalegeza ile skrubu inayobana uzi, akaweka sindano nene. Pale ambapo pindo zilikutana alizigonga kwa nyundo juu ya sakafu, juu ya kitambaa kilichokunjwa, mpaka zikalala. Mama aliongoza kitambaa kwa mikono miwili, yeye akazungusha gurudumu, taratibu, tundu kwa tundu kwenye sehemu nene. Viti vyao vilikuwa karibu kuliko vilivyowahi kuwa. Ukanda wa kiuno waliupunguza katikati na kuuunga tena, kitanzi kikarudi juu ya kiungo kukificha. Miguuni walifumua pindo na kuliteremsha. Ukabaki mstari mweupe pale lilipokuwa limekunjwa zamani, nao ulikuwa wa kudumu.

"Itajulikana imeteremshwa," mama akasema.

"Acha ijulikane."

Akaivaa. Akakaa, akachuchumaa, akainua goti. Ilimshika bila kumbana. Mshono wa nyuma ulipinda kidogo kulia, kama mtu anayetaka kuchungulia kona, lakini huo aliyevaa hauoni.

Mama hakumruhusu kuondoka mezani kabla hajamsomea masharti. Jinzi hailoweki na nguo nyingine. Igeuzwe ndani nje, zipu ifungwe, maji ya baridi, sabuni kidogo. Isikamuliwe kwa kupindwa. Ianikwe kivulini. Na isifuliwe kila ikivaliwa. Ikiwa ni vumbi tu, ikung'utwe, doa lipanguswe na kitambaa chenye maji.

"Jinzi ni kama mkwe," akamaliza. "Mpe beseni lake, mtakaa vizuri."

Mkewe alipoingia jioni alimkuta Nguzo uani, amechuchumaa na jinzi yake mpya-ya-zamani, anasugua sare kwa dawa ya kuondoa madoa. Nguo ilikuwa karibu kurudi nyeupe. Mishono tu ndiyo iliyobaki na ubuluu, kana kwamba mtu alikuwa ameichora kwa kalamu.

"Nisamehe kwa sare," Nguzo akasema bila kuinuka.

"Na wewe nisamehe kwa maneno."

"Maneno yalikuwa ya kweli."

"Ukweli nao una namna yake ya kuletwa. Kila siku kazini nawaletea watu habari zao kwa upole, wewe nikakurushia kama jiwe." Akachuchumaa upande wa pili wa beseni. "Simama nikuone."

Akasimama, akageuka.

"Mshono umepinda," mkewe akasema.

"Muulize mama yako."

"Mimi nilishika kitambaa tu!" sauti ikatoka jikoni. "Aliyekuwa kwenye usukani ni mumeo!"

Jumatatu wenzake walimpokea kwa makelele. Koleo alimzunguka mara mbili, akatangaza kwamba nguzo imegeuka ufito, kisha akamkumbatia kwa uangalifu kama anayebeba mayai. Nguzo akamwambia kuhusu sare, na Koleo akaapa kwamba jinzi yake yeye ilinywea kweli, labda ilikuwa ya kitambaa kibaya. Msimamizi alimweka kazi za chini: kushika kamba, kupandisha vifaa kwayo, kuwazuia watu wasipite chini ya ngazi. Hakuambiwa mpaka lini. Alikula kidogo kidogo kutoka kwenye kibakuli alichofungiwa, wengine wakila mara moja wakamaliza. Siku za mwanzo ilimuuma kumtazama mtu mwingine akiwa juu na mkanda wake yeye wa kupandia. Akazoea kiasi, si kabisa.

Mama mkwe alirudi kwake, watoto wakarudi kwao. Mtoto mdogo alimkagua baba yake, akauliza kama bado anaweza kumbeba, akabebwa, akaridhika.

Mvua zilipoanza, waya ulikatika kwenye mtaa mmoja wa juu, na siku hiyo wapandaji wawili walikuwa kwingine. Daktari alikuwa ameshamruhusu wiki ile ile. Msimamizi akamtazama, akatazama juu, akasema, "Haya, polepole." Nguzo akafunga mkanda wa kupandia kwenye tundu la mwisho, akaanza. Alisimama katikati, akapumua, akasikiliza tumbo, halikusema kitu. Kisha akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia, si mkewe wala daktari: alikuwa na mzigo mdogo wa kupandisha. Ile nguzo ambayo zamani ilimtoa jasho mpaka kwenye buti, aliimaliza pumzi ikiwa bado ipo.

Huko juu alifanya kazi yake kama kawaida, akaunga, akakaza, akakagua, akampungia mkono Koleo aliyekuwa kwenye swichi. Taa za mtaa mzima zikawaka. Madirishani na vibarazani watu wakapiga kelele kama wanavyopiga siku zote:

"Umerudi! Umerudi!"

Alijua wanausema umeme.

"Nimerudi!" akawajibu kutoka juu, na Koleo chini akacheka mpaka akaketi kwenye matope.